Nyoka ya Shaba: Jinsi Kitu Chema Kigeukavyo Kuwa Sanamu

 Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya sanamu na ibada ya kweli katika maisha ya Mkristo.

Najua ya kuwa neno "sanamu" likitajwa, kila mmoja wetu hukumbuka upesi kitu cha mtu mwingine: kinyago, au mti mkubwa uliofungwa vitambaa, au kibanda cha mizimu kilichokuwa nyuma ya nyumba ya jirani. Ni rahisi kuiona sanamu iliyo uani kwa mwenzako. Lakini leo nataka tutazame sanamu iliyotoka mahali pengine kabisa. Haikuletwa na wageni, wala haikutengenezwa na mtu asiyemjua Mungu. Ilitengenezwa na Musa mwenyewe, kwa amri aliyopewa na Mungu, na watu waliponywa kwayo. Hata hivyo, baada ya mamia ya miaka, mfalme mcha Mungu aliivunja vipande vipande, naye akasifiwa kwa tendo hilo. Tukielewa kwa nini aliivunja, tutakuwa tumeelewa sanamu ni kitu gani.

Mwanzo wa habari hii umo katika kitabu cha Hesabu, mlango wa 21. Wana wa Israeli walikuwa jangwani, wamechoka kwa safari, wakanung'unika juu ya chakula na maji. Nyoka wenye sumu wakawaingilia, na watu wengi wakaumwa wakafa. Walipotubu, Musa aliwaombea, naye akaagizwa atengeneze mfano wa nyoka na kuuweka juu ya mti mrefu, ili kila aliyeumwa autazame apate kuishi. Musa akaifanya nyoka ya shaba, na mambo yakawa kama alivyoambiwa.

Angalieni hapo mambo mawili. Kwanza, watu waliambiwa watazame tu. Hawakuambiwa waiguse, wala waisujudie, wala waitolee sadaka. Pili, dawa haikuwa ndani ya shaba. Shaba ile ile ingaliweza kufuliwa ikawa bakuli au ncha ya mkuki. Walimu wa Kiyahudi ambao mafundisho yao yalikusanywa katika kitabu cha Mishna, karibu na mwaka 200 baada ya Kristo, walifundisha ya kuwa si nyoka ile iliyohuisha watu. Waliishi kwa kuwa waliinua macho na kumtii Baba yao wa mbinguni. Na Kitabu cha Hekima, ambacho kimo katika Biblia ya Wakatoliki, mlango wa 16, chafundisha vivyo hivyo, kwamba kitu kile kilikuwa ishara tu, na Mwokozi ni Mungu.

Ishara ni kama kibao cha njiani. Msafiri aendaye Dodoma akikuta kibao kilichoandikwa jina la Dodoma, hufurahi, kwa maana ajua sasa kwamba hakupotea njia. Lakini hatui mizigo yake chini ya kibao na kutandika mkeka, akasema, "Nimekwisha fika." Akifanya hivyo, si kosa la kibao. Kibao kilisema kweli. Kosa ni la msafiri aliyesimama pale alipoelekezwa kupita.

Sasa twende kwenye mwisho wa habari, katika kitabu cha pili cha Wafalme, mlango wa 18. Hapo twasoma habari za Hezekia, mfalme wa Yuda, aliyeanza kutawala akiwa na umri wa miaka 25, akatawala Yerusalemu miaka 29. Aliishi miaka mia saba na zaidi kabla ya kuzaliwa Kristo. Mfalme huyu aliondoa mahali pa juu palipokuwa pakifanyiwa ibada, akazivunja nguzo, akalikata nguzo la Ashera. Kisha akaivunja nyoka ya shaba ya Musa, kwa sababu mpaka siku zake watu walikuwa wakiifukizia uvumba. Nayo iliitwa Nehushtani, jina ambalo kwa Kiebrania lakaribiana na neno la shaba na pia neno la nyoka.

Kitabu hakisemi ni nani aliyekuwa wa kwanza kuifukizia uvumba. Lakini twaweza kuwaza jinsi jambo lilivyokwenda, kwa kuwa mioyo ya watu haikubadilika sana tangu zamani zile. Yamkini kwanza walihifadhi nyoka ile kwa ukumbusho, ili watoto waonyeshwe na kuambiwa habari za jangwani. Ukumbusho ni jambo jema. Halafu wakaipa heshima, na heshima nayo si mbaya. Halafu mgonjwa mmoja akaja, akafikiri moyoni kwamba kitu kilichoponya babu zake hakikosi kumponya na yeye. Na mwenye kesi akaja, na mwenye kutafuta mtoto akaja. Hapo tena hapana aliyekumbuka kutubu, wala hapana aliyeuliza Mungu ataka nini. Kila mtu alikuja na haja yake na uvumba wake. Kibao kilikuwa kimekwisha kuwa mji.

Tena tusidhani ya kuwa haya ni maneno ya kitabuni tu. Mwaka 1969, wachimbuzi wa mambo ya kale waliokuwa wakichimba huko Timna, kusini mwa Israeli, penye machimbo ya shaba ya kale, walikuta katika mahali pa ibada mfano mdogo wa nyoka wa shaba, urefu wake kama sentimita 12, na kichwa chake kimepambwa kwa dhahabu. Sisemi ya kuwa hiyo ndiyo nyoka ya Musa. Lakini yatuonyesha kwamba katika nchi zile watu walijua kufanya mifano ya namna hiyo na kuitumia katika ibada. Na mwaka 1973, huko Beer-sheba, yalionekana mawe makubwa ya madhabahu yenye pembe, nayo yalikuwa yamebomolewa na kutiwa katika ukuta wa ghala. Katika jiwe moja la madhabahu hiyo pamechorwa nyoka. Wataalamu wengine wasema madhabahu hiyo ilibomolewa kwa amri ya Hezekia, na wengine hawakubali. Walakini jiwe lenyewe lipo, na nyoka yake yaonekana.

Pengine mzee mmoja ataniuliza: "Mwalimu, kama ndivyo, je, msalaba ulio kanisani uondolewe? Na picha za watakatifu zitupwe?" Mzee wangu, swali lako ni jema. Wakristo hawana shauri moja juu ya picha na sanamu kanisani. Wakatoliki huzitumia, na mafundisho yao husema ya kuwa heshima ile haiishii kwenye mti au rangi. Wengine katika Waprotestanti wanaona ni afadhali kuta za kanisa zikae tupu. Sikuja kuamua neno hilo. Nasema tu kwamba kuta tupu hazimwokoi mtu na sanamu. Mtu aweza kukaa katika kanisa lisilo na picha hata moja, naye anayo sanamu yake mfukoni. Tena angalieni ya kuwa Hezekia alivunja kitu cha watu wake mwenyewe, katika nchi aliyokuwa mlinzi wake. Hatupewi ruhusa ya kwenda kuvunja vitu vya jirani zetu wa dini nyingine. Kazi yetu yaanzia nyumbani mwetu.

Basi, nyumbani mwetu muna nini? Wako Wakristo waliofunga Biblia katika kitambaa na kuiweka chini ya mto, ili mambo mabaya yasiwapate usiku. Lakini kuifungua wakaisoma, hawaifungui. Biblia imekwisha kuwa hirizi, ila ni hirizi yenye kurasa nyingi. Wako wanafunzi wanaopeleka kalamu zikaombewe kabla ya mtihani. Kuomba kabla ya mtihani si kosa, bali ni jambo la kumpendeza Mungu. Lakini mwanafunzi ambaye hakufungua daftari lake muhula mzima, naye aitegemea kalamu, hakumwomba Mungu. Amemfanya Mungu kuwa mganga, na kalamu kuwa dawa yake. Wako tena wanaonunua maji, mafuta au chumvi, wakaambiwa kwamba baraka imo ndani ya chupa.

Najua Biblia yataja mafuta. Waraka wa Yakobo, mlango wa 5, wawaagiza wazee wa kanisa wamwombee mgonjwa na kumpaka mafuta. Lakini yasomeni maneno yale kwa uangalifu, nanyi mtaona ya kuwa kinachotajwa kuwa chaokoa ni kule kuomba kwa imani, na kwamba katika mlango huo huo wagonjwa wahimizwa kuungamiana dhambi. Hapana bei iliyotajwa. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20, wakiwamo watoto, walikufa kwa kukanyagana, walipokuwa wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyoitwa ya upako. Sisemi neno hili ili kuwalaumu marehemu. Walikuwa watu wenye haja za kweli kama sisi: maradhi, madeni, nyumba zisizo na amani. Nasema ili tujue ya kuwa jambo hili si mchezo wa maneno ya wanafunzi wa dini. Mtu afikiripo kwamba rehema ya Mungu imemwagwa mahali pamoja, sakafuni, tena yaweza kumpita asipowahi, hawezi kumwona mwenziwe aliyeanguka mbele yake.

Hapo ndipo tunapopata alama ya kwanza ya sanamu: hutufanya tusimwone mtu. Manabii wa wakati wa Hezekia walilijua jambo hili vizuri. Mmoja ni Isaya, aliyeishi Yerusalemu. Katika mlango wa kwanza wa kitabu chake, awaambia watu ya kuwa Mungu amechoshwa na sadaka zao na sikukuu zao, si kwa sababu ziliwekwa mbele ya mungu mwingine, bali kwa sababu mikono iliyozitoa ilikuwa na damu. Watende haki kwanza, wamtetee yatima na mjane. Wa pili ni Mika, mtu wa shamba, kutoka Moreshethi. Yeye aliwakemea wakubwa waliolala usiku wakipanga namna ya kunyang'anya mashamba ya watu, na kulipopambazuka wakayachukua. Waamuzi walipokea rushwa, na makuhani na manabii walifundisha kwa fedha. Hata hivyo wote walijiona salama kwa kuwa Mungu yu kati yao. Na kitabu cha Yeremia, mlango wa 26, chatuambia ya kuwa Hezekia aliyasikia maneno ya Mika, akamcha Bwana.

Kwa hiyo kuvunja nyoka ya shaba hakukuwa kazi ya nyundo peke yake. Kama mfanyabiashara wa mahindi anayo mizani mbili, moja ya kununulia na moja ya kuuzia, haidhuru aimbe kwa sauti nzuri kiasi gani Jumapili, mizani ile ndiyo mungu wake. Kama ndugu wamemfukuza shemeji yao aliyefiwa na mume, wakagawana shamba lake, kisha wakatoa ng'ombe mmoja kwa mavuno ya kanisa, yule ng'ombe ni uvumba wa Nehushtani. Mtume Paulo, akiwaandikia Wakolosai, mlango wa 3, asema wazi ya kuwa tamaa ya mali ni ibada ya sanamu.

Alama ya pili yaonekana siku ya hatari. Mwaka 701 kabla ya Kristo, Senakeribu, mfalme wa Ashuru, aliingia Yuda kwa jeshi kubwa, akaiteka miji yenye maboma. Kutekwa kwa mji wa Lakishi kulichorwa katika mawe ya jumba lake huko Ninawi, na mawe hayo yamo hata leo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, mjini London. Kisha amiri wake akasimama karibu na ukuta wa Yerusalemu, akasema kwa sauti kuu katika lugha ya watu wa mji, ili kila askari aliyekuwa ukutani asikie. Maafisa wa Hezekia walimsihi atumie Kiaramu, akakataa. Na katika maneno yake alitia sumu hii: Mnasema mwamtumainia Mungu wenu, je, si yeye ambaye Hezekia ameziondoa madhabahu zake?

Wasikilizaji, hebu fikirini jinsi maneno yale yalivyowaingia watu. Miji imechomwa. Dhahabu ya milango ya hekalu imebanduliwa kumlipa adui. Nyoka ya shaba ya Musa haipo. Hapana shaka wako waliosema moyoni, "Tungalikuwa nayo, haya yasingalitupata." Ndivyo sanamu ifanyavyo: hata ikiisha kuvunjwa, hofu yake hubaki. Wengi wetu tumepata kuona mtu aliyeacha mambo ya zamani kwa furaha, lakini mtoto wake alipougua, akarudi usiku kwa mlango wa nyuma.

Hezekia alifanya nini? Alipopata barua ya adui, aliichukua mkononi, akapanda hekaluni, akaikunjua mbele za Bwana, akasali. Hakuwa na kitu cha kuonyesha ila barua ile, nayo ilikuwa habari ya shida yake. Hiyo ndiyo ibada ya kweli: mtu kumletea Mungu mambo yake kama yalivyo, bila kupamba, bila kununua, na bila kuficha. Mji wa Yerusalemu haukutekwa. Na Senakeribu mwenyewe, katika maandishi aliyoandikisha kujisifu, asema alimzingira Hezekia mjini mwake, lakini hasemi kwamba aliuteka.

Wala msidhani ya kuwa mtu asaliye kwa kweli hukaa bure. Biblia yasema Hezekia alitengeneza birika na mfereji wa kuleta maji mjini. Hata leo uko Yerusalemu mfereji uliochimbwa ndani ya mwamba, urefu wake kama mita 533, ambao wengi wanaujua kwa jina lake. Mwaka 1880 yalionekana humo maandishi ya Kiebrania cha kale, yanayoeleza jinsi wachimbaji walivyoanza kutoka pande mbili, wakasikia sauti za wenzao ndani ya mwamba, mpaka wakakutana. Mfalme aliyevunja nyoka ya shaba ndiye aliyesali, tena ndiye aliyechimba. Kwa hiyo mama mwenye mtoto mwenye homa na amwombee mtoto wake njiani akimpeleka hospitali. Asimweke nyumbani siku tatu akisubiri chupa ya mafuta. Mungu aliyetupa midomo ya kuombea ametupa pia waganga waliosomea kazi yao.

Mwisho wa habari hii watuonya. Hezekia alipokufa, mwanawe Manase alitawala, akavijenga tena vitu vingi ambavyo baba yake alikuwa amevibomoa. Nyundo ya baba haivunji sanamu iliyo moyoni mwa mwana. Yatupasa kila mtu kujichungua mwenyewe, na ninyi wanafunzi pia, msiseme, "Babu yangu alibatizwa zamani, sisi tumekwisha toka katika mambo hayo."

Kwa hiyo nawaachieni maswali matatu ya kujiuliza. La kwanza: kitu hiki nikipendacho katika dini yangu, chanipeleka kwa Mungu, au nimetua mizigo yangu hapo hapo? La pili: kikipotea leo, kikiungua au kikiibiwa, naweza kusali usiku huu? La tatu: tangu nianze ibada yangu, jirani yangu ameona nafuu gani katika mizani yangu, katika mpaka wa shamba langu, na katika maneno ya kinywa changu?

Bwana Yesu, katika Injili ya Yohana, mlango wa 4, alikutana na mwanamke Msamaria penye kisima. Mwanamke yule alitaka kujua mahali pa haki pa kuabudia, kama ni mlima wa Samaria au Yerusalemu. Yesu hakumpa mlima. Alimfundisha ya kuwa Mungu ni Roho, naye atafuta watu wamwabudu kwa roho na kwa kweli. Na katika mlango wa 3 wa Injili ile ile, aliitaja nyoka ya Musa, wala hakuidharau. Aliitumia kama ilivyokusudiwa tangu mwanzo, kuwaonyesha watu mahali pengine pa kutazama.

Basi, jioni ya leo, mwenye Biblia iliyofungwa kitambaani na aifungue, asome mlango mmoja kwa sauti, watoto wake wasikie. Na mwenye deni la jirani na alipeleke kabla hajapeleka sadaka. Hapo atakuwa ameanza. Kwa herini.